Malambo Yahesabiwe Kabla ya Mvua

Mtu akisimama Ngoingwa asubuhi ya kiangazi, kando ya barabara itokayo mji wa Thika kwenda Mang'u, akatazama upande wa kaskazini-magharibi, huona milima ya Nyandarua imejilaza mbali kwa rangi ya samawati. Siku ya mvua kubwa milima hiyo haionekani kabisa. Lakini siku hiyo isiyoonekana ndiyo siku ipasayo kukumbukwa, maana maji yapitayo katika mabonde ya upande huo mengi hayakuanguka hapo. Yalianguka huko juu saa nyingi zilizopita, wakati ambapo wenyeji wa chini pengine walikuwa wakianika mahindi yao juani.

Mito miwili, Chania na Thika, hutoka katika milima hiyo. Hupita mashamba ya chai, hushuka katika mashamba ya kahawa, kisha hukutana karibu na mji wa Thika na kwenda pamoja kuungana na mto Tana. Juu ya mito hiyo yamo mabwawa makubwa yalishayo jiji la Nairobi kwa maji. Bwawa la Sasumua, lililo upande wa mto Chania, lilijengwa katika miaka ya 1950. Bwawa la Ndakaini, lililo juu ya mto Thika, lilimalizika mwaka 1994. Ukuta wake wa udongo una kimo cha karibu meta 65, na likijaa huwa na maji ya meta za ujazo milioni 70.

Mabwawa hayo makubwa yana mainjinia wake, yana vipimo vyake, na kila siku yuko mtu mwenye kazi ya kuyatazama. Lakini kati ya Ruiru na Thika, na katika sehemu nyingine nyingi za Kenya, yako malambo madogo yaliyochimbwa zamani ili kunyweshea kahawa na ng'ombe. Mengi ya malambo hayo hayana injinia wala mtunzaji, na mengine hata jina lake halijulikani ila kwa wazee. Kwa habari ya usalama wa watu, hayo madogo ndiyo yenye mashaka makubwa zaidi.

MVUA ZA MWAKA 2024

Wasomaji watakumbuka mvua za masika za mwaka 2024. Toka mwezi wa Machi hata Mei mvua ilinyesha kupita kiasi katika sehemu nyingi za Kenya, na watu zaidi ya 280 wakafa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Tarehe 10 Mei ilifanywa siku ya mapumziko, ili taifa zima liwaomboleze waliokufa na kupanda miti.

Katikati ya msiba huo Serikali ilifanya jambo moja ambalo lastahili kuangaliwa kwa makini. Mwanzoni mwa Mei, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza ya kwamba mabwawa na mahali pengine pa kuwekea maji, jumla yake 178, katika kaunti 33, yalikuwa yamejaa au karibu kujaa, na maji yake yangeweza kumwagika wakati wowote. Watu waliokaa karibu nayo waliamriwa wahame katika muda wa saa 24.

Amri hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu roho ya mtu ni bora kuliko nyumba yake. Lakini saa 24 ni muda mfupi sana. Mtu mwenye mbuzi, mwenye magunia ya mahindi, mwenye mama mkongwe asiyeweza kutembea, hawezi kuyapanga hayo yote katika siku moja, huku njia imejaa matope na matatu haziendi. Naibu wa chifu humwambia, "Mzee, tafadhali hamia kule juu shuleni." Naye mzee hujibu, "Lambo hili lipo tangu utoto wangu, wala halijamdhuru mtu." Huwezi kumlaumu sana mzee huyo. Hakuna aliyemweleza habari za lambo lile wakati wa kiangazi. Basi anaanzaje kuziamini usiku wa mvua?

Kwa hiyo swali la maana si kwamba Serikali ilitangaza au haikutangaza. Swali ni hili: hesabu ile ya malambo ingefanywa wakati gani ili iwafae watu? Ili kupata jibu, yafaa kutazama misiba miwili iliyotokea katika Kaunti ya Nakuru, upande wa pili wa milima hiyo ya Nyandarua.

SOLAI NA MAI MAHIU

Msiba wa kwanza ulitokea Solai, tarehe 9 Mei 2018. Usiku ulipoingia, watu wakiwa majumbani mwao, ukuta wa bwawa la shamba kubwa lililokuwa juu ya vijiji ulibomoka. Maji yalishuka mlimani pamoja na matope, mawe na miti, yakafagia nyumba, na watu wasiopungua 47 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Uchunguzi ulifanywa. Seneti iliunda kamati yake maalumu, na maofisa wa mamlaka inayosimamia maji walieleza ya kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Mabwawa mengine ya shamba hilo hilo yaliamriwa yapunguzwe maji, na ikatolewa amri mabwawa ya nchi yakaguliwe.

Hapa pana fundisho la kwanza. Bwawa lile halikufichwa. Lilionekana na kila mtu apitaye, na watu wa vijiji waliishi chini yake kwa miaka mingi. Lilikuwa wazi mbele ya macho, ila halikuwamo katika kitabu cha vibali.

Msiba wa pili ulitokea karibu na Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko. Mwanzoni watu walisema ni bwawa lililobomoka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza ya kwamba halikuwako bwawa. Lilikuwako tuta la reli ya zamani, na chini ya tuta hilo kalvati ya kupitisha maji ya bonde. Magogo, mawe na udongo viliziba ile kalvati, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, na tuta likawa ukuta wa bwawa ambalo hakuna mtu aliyekusudia kulijenga. Liliposhindwa kustahimili, maji yalishuka juu ya watu waliolala. Waliokufa hawakupungua 45.

Hapa pana fundisho la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Hata kama baada ya Solai kila bwawa la Kenya lingaliandikwa, tuta lile lisingaliandikwa, kwa sababu halikuwa bwawa. Karani aliye Nairobi hawezi kujua ya kwamba kalvati fulani imezibwa na magogo. Ajuaye ni mchungaji apitaye hapo na mbuzi wake, na mama achotaye maji bondeni, na mtoto aendaye shule. Basi ukaguzi wa Serikali peke yake hautoshi, na ujuzi wa wenyeji peke yake hautoshi. Mmoja ana daftari na sheria. Mwingine ana macho.

JINSI LAMBO LIBOMOKAVYO

Watu wengi hudhani ya kuwa lambo hubomoka kwa sababu maji yanausukuma ukuta mpaka unaanguka. Mara nyingi sivyo. Ukuta wa udongo uliojengwa vizuri huweza kustahimili uzito wa maji miaka na miaka. Huharibika kwa njia mbili hasa.

Njia ya kwanza ni maji kupita juu ya ukuta. Kila lambo lapaswa kuwa na mfereji pembeni, ulio chini kidogo ya kimo cha ukuta, ili maji yaliyozidi yatokee hapo bila kudhuru. Mfereji huo ukiota vichaka, au mtu akilima viazi ndani yake, au akijenga kibanda, maji hukosa njia. Hupanda hata juu ya ukuta, na mara yaanzapo kumwagika huukata udongo kama kisu kikatavyo mkate. Ufa wa upana wa mkono huweza kuwa lango la upana wa nyumba kabla watu hawajapata nafasi ya kuitana.

Njia ya pili ni maji kupita ndani ya ukuta. Mashimo ya fuko, vichuguu vya mchwa na mizizi ya miti mikubwa iliyokufa hufanya vijia. Maji hupenya polepole. Yakitoka upande wa chini yakiwa safi, bado iko nafasi ya kutengeneza. Yakitoka yamechanganyika na udongo, ni dalili ya kwamba ukuta unaliwa kutoka ndani, na watu walio chini waondoke mara moja.

Wala mtu asiyadharau maji ya lambo dogo. Mvua ya milimeta 50 ikinyesha juu ya eka moja, ni maji ya tani 200 hivi, yaani mizigo 20 ya lori la tani 10. Lambo lenye urefu wa meta 100, upana wa meta 50 na kina cha meta 2 lina maji ya tani 10,000. Fikiri uzito huo ukiteremka bondeni usiku kwa mara moja.

MSIBA AMBAO HAUKUTOKEA

Kuna habari nyingine isiyosimuliwa sana, kwa kuwa haikuleta maombolezo. Mwaka 2003 mvua kubwa ziliharibu njia ya kumwagia maji ya ziada ya bwawa la Sasumua. Bwawa lile liko juu ya bonde la Chania, na wanaokaa kando ya mto huo, mpaka karibu na Thika, wote wako chini yake. Wenye kulisimamia walilazimika kuweka maji kidogo kuliko kawaida, ingawa Nairobi ilikuwa na kiu, mpaka matengenezo yalipofanywa. Jiji lilipata shida ya maji, lakini ukuta ulisimama.

Ni jambo la kufaa kujiuliza sababu ya tofauti kati ya Sasumua na Solai. Mvua ni mvua, na udongo ni udongo. Lakini Sasumua ilikuwa na mwenyewe ajulikanaye, ilikuwa na vipimo vilivyoandikwa, na walikuwako watu walioona madhara na wenye amri ya kupunguza maji.

NCHI NYINGINE ZILIVYOJIFUNZA

Uholanzi ni nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta yake, na watu 1,836 wakafa. Miaka mingi kabla ya usiku huo wataalamu wa Serikali walikuwa wamekwisha pima na kuandika ya kuwa matuta mengi yalikuwa mafupi na dhaifu. Basi ujuzi ulikuwako. Kazi ndiyo haikufanywa. Baada ya msiba, hazikupita wiki nne kabla tume haijaundwa, na kazi iliyotokana na shauri lake iliendelea kwa zaidi ya miaka 40.

Huenda mkulima akasema, "Uholanzi ni nchi tajiri." Basi atazame Bangladesh. Mwaka 1970 tufani ilipiga pwani ya nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Pakistan ya Mashariki, ikaua watu wasiopungua 300,000. Baadaye Serikali, pamoja na chama cha Hilali Nyekundu, iliwafundisha wanakijiji wenyewe kazi ya kupokea habari za hali ya hewa, kupandisha bendera, kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti, na kuwapeleka wazee na watoto katika nyumba imara zilizojengwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2020 ilipokuja tufani nyingine kubwa, watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekwisha kuhamishwa kabla haijafika, na waliokufa katika nchi hiyo hawakufika mia moja. Kilichobadilika ni kwamba kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuigongea mlango.

SHAMBA LIKIGAWANYWA, LAMBO NI LA NANI?

Hapa ndipo habari hii inaporudi nyumbani. Mashamba mengi ya kahawa ya upande wa Thika na Ruiru yamegawanywa kuwa viwanja. Mahali palipokuwa na mistari ya mibuni sasa pana nyumba za mawe, maduka, makanisa na shule. Ngoingwa yenyewe ni mfano wa mahali panapokua upesi namna hiyo, ambapo mkulima mwenye migomba na ng'ombe wawili ni jirani wa karani aendaye kazini Thika au Nairobi kila asubuhi.

Zamani lambo la shamba lilikuwa na mtunzaji. Alikata nyasi juu ya ukuta, alizibua mfereji, alifungua mlango wa maji mvua zilipokaribia. Shamba likigawanywa, kila mtu hupewa hati ya kiwanja chake, lakini ni nadra kusikia ni nani aliyepewa kazi ya mtunzaji yule. Mmoja hununua kiwanja upande wa juu, mwingine chini ya ukuta kwa sababu pana rutuba na bei ni nafuu, na lambo hubaki la wote, yaani si la mtu. Mnunuzi aliyetoka mbali huenda hata asijue ya kuwa kile kilima chenye majani nyuma ya nyumba yake ni ukuta uliozuia maji.

Pia yako machimbo ya mawe ya kujengea, ambayo ni mengi katika sehemu za Thika na Juja. Jiwe likiisha, shimo huachwa wazi, mvua hulijaza, na watoto huenda kuogelea. Shimo la namna hiyo halivunji ukuta wala halifagii kijiji, lakini huua mmoja mmoja, na vifo vya mmoja mmoja havipati tume.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 na kanuni zake zataka mtu apate kibali kabla ya kujenga bwawa au kuzuia maji ya mto, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo yenye kazi ya kusimamia jambo hilo. Lakini sheria huhitaji kuambiwa mahali pa kwenda. Ofisa mmoja hawezi kuvumbua kwa miguu yake kila lambo lililomo katika kaunti.

DAFTARI LA KIJIJI

Kazi iliyobaki haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari moja, kalamu, na baraza moja la chifu lililofanywa wakati wa jua. Katika baraza hilo wazee wataje kila lambo walijualo, kila kalvati iliyo chini ya tuta la barabara au reli, na kila shimo la mawe lililoachwa. Karani aandike. Kisha vijana waende kutazama kwa macho yao, na kwa kila mahali yaandikwe majibu ya maswali machache: Mahali hapa panaitwaje? Mwenyewe ni nani, au aliyekuwa mwenyewe ni nani? Mfereji wa maji ya ziada uko wazi au umezibwa? Je, maji yanatoka chini ya ukuta, na ni safi au ya matope? Nyumba ngapi ziko chini, na ndani yake wamo nani wasioweza kukimbia? Watu wapande kilima kipi? Nani atamwamsha nani usiku?

Nakala moja ikae kwa chifu, ya pili ipelekwe kwa Serikali ya Kaunti ya Kiambu, ya tatu kwa mamlaka ya maji. Kila mwaka, kabla ya mvua za masika za mwezi wa Machi na mvua za vuli za mwezi wa Oktoba, daftari lifunguliwe tena na lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza mapema namna mvua itakavyokuwa. Tangazo hilo likikuta daftari tayari, chifu atajua mlango upi wa kugonga kwanza. Likikuta hakuna daftari, litakuwa habari ya redioni tu, nayo hupita.

Wako watakaosema ya kuwa kuandika jina la mwenye lambo kutaleta ugomvi kati ya majirani. Huenda ikawa hivyo. Mtu hapendi kuambiwa akate miti aliyopanda juu ya ukuta, au aondoe kibanda chake katika mfereji. Lakini ugomvi wa baraza huamuliwa kwa maneno mchana, watu wakiwa wamekaa vitini. Majirani waliogombana hupatana, na wasipopatana wapo hai.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari za malambo hata ukuta waweza kujengwa tena, kwa udongo ule ule, na kwa miezi michache. Waliokuwa wamelala chini yake ndio wasiorudi. Masika yatakuja tena upande wa Nyandarua, kama yajavyo kila mwaka, na Chania itabadili rangi yake. Wakati wa kuandika ni sasa, mchana, jua likiwaka na milima ikionekana.